Malalamiko Kuhusu Vifungo Viwili Vilivyotolewa Sikioni Mwangu

Kwa Mganga Mkuu,
Hospitali, jengo la chini, mlango wenye pazia la kijani.

Mheshimiwa Mganga Mkuu,

KUH: OMBI LA KUSHONEWA TENA VIFUNGO KWENYE SIKIO LILILOPONA

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana ni ndefu. Mimi mwenyewe nimeiandika nikiwa nimekaa, na huko kukaa ni sehemu ya malalamiko yangu, kama utakavyoona mbele.

Mimi ni mbeba magunia katika ghala la unga lililo nyuma ya kituo cha mabasi. Kazi hii ninaifanya mwaka wa sita sasa, mbali na kwetu, mbali kiasi kwamba nikitaja jina la kwetu watu wa hapa huniuliza kama huko kuna umeme. Nimesoma hadi darasa la nne. La tano nililisikiliza dirishani kwa wiki mbili, kisha mwalimu akafunga dirisha. Kwa hiyo ukikuta neno limekaa vibaya, lisogeze tu. Sikuja kukufundisha kuandika, nimekuja kulalamika.

Kwanza nieleze ugonjwa, usije ukasema sina shukrani. Miezi ya mwanzo ya mwaka huu sikio langu la kulia liliota uvimbe sehemu ya juu, kwa mbele, pale penye kibonde. Haukuuma. Ulianza kama punje ya mahindi, ukafika kuwa kama yai la njiwa. Nilikwenda kwa muuza dawa aliye jirani na ghala, akachoma sindano, akavuta maji ya njano kama mafuta ya kupikia. Sikio likalala. Siku ya tano likaamka. Akavuta tena, likajaa tena. Baada ya mara ya tatu wenzangu waliacha kuniita kwa jina nililopewa na wazazi wangu, wakaniita Kisima, kwa kuwa nachotwa leo, kesho nimejaa.

Ndipo nikaja kwako, wakanipeleka kwa Daktari wa Masikio. Unamjua, yule mama mfupi, hana maneno mengi, mikono yake ya baridi. Alinibonyeza mara moja akauliza, "Gunia unabeba bega gani?" Nikasema la kulia. Hakuuliza kingine. Alinieleza kwamba gunia linapolisugua sikio kila siku, ile gegedu, yaani mfupa laini wa sikio, huachana katikati kama ubao wa plaiwudi uliolowa, na maji hukaa hapo kati. Si saratani, akasema, wala hukurogwa. Ila kuyavuta kwa sindano ni kama kupiga deki chumba ambacho bomba lake limepasuka. Dawa ni kupasua, kuondoa ule ukuta wa mbele wa gegedu, kurudisha ngozi mahali pake, kisha kubana kwa wiki mbili ili maji yasipate pa kukaa.

Alinichoma ganzi. Nilisikia mkasi ukikata ndani ya sikio langu kama mbuzi anayetafuna kabichi nyumba ya jirani. Sikuumia hata kidogo, na hilo silalamikii. Nalalamikia yaliyofuata. Nitayaweka kwa namba, maana nyapara wetu ametufundisha kwamba kisicho na namba hakipokelewi ghalani.

LALAMIKO LA KWANZA: Vifungo havikufanana.

Daktari alipomaliza kushona ngozi alimwambia muuguzi alete vifungo. Nilidhani anataka kufunga koti lake. Kumbe ni vya sikio langu. Muuguzi alileta kibakuli chenye vifungo vilivyochemshwa, vifungo vya nguo kabisa, vile ambavyo wewe unavyo hapo kifuani. Daktari akaweka kimoja mbele ya sikio na kingine nyuma, akapitisha uzi kwenye matundu yao, kwenda na kurudi, akakaza, akafunga fundo. Cha mbele kilikuwa cheupe, cha shati. Cha nyuma kilikuwa cheusi, cha koti.

Mheshimiwa, mke wangu ni fundi cherehani. Kwetu mtu akitembea na vifungo visivyofanana watu hawamsemi yeye, wanamsema mkewe. Nilimuuliza Daktari kwa adabu kama hakuna viwili vya seti moja. Akanijibu kuwa cha nyuma hakitaonwa na mtu. Hapo nikajua hajawahi kufika kazini kwetu. Sisi hupanda ubao wa kutoka lorini hadi ghalani kwa mstari, mmoja nyuma ya mwenzake, tangu asubuhi hadi jioni. Kitu pekee anachokiona mbeba gunia ulimwenguni ni nyuma ya sikio la aliye mbele yake.

LALAMIKO LA PILI: Nilikalishwa.

Daktari aliniandikia karatasi kwamba nisibebe mzigo wiki mbili na sikio lisiguswe na kitu chochote. Sasa, nyapara wetu haamini karatasi. Ameshaletewa karatasi za mgongo, za tumbo, na za msiba wa babu yuleyule mara tatu. Yangu aliisoma, akaikunja, akairudisha mfukoni mwangu kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akaona sikio. Alilitazama kwa mbele, akazunguka akalitazama kwa nyuma, akarudi mbele. Akasema hakuna mtu duniani anayeweza kujishonea vifungo kwa sababu ya uvivu. Naomba uyakumbuke maneno hayo.

Akanipa shazia, ile sindano ndefu ya magunia, na bonge la kamba ya katani, akanionyesha kivuli cha ukuta. "Umeshonwa," akasema, "sasa shona."

Nikakaa nikaanza kushona magunia yaliyochanika. Miaka sita sijawahi kukaa jua likiwa juu. Siku ya kwanza miguu yangu haikuelewa, ilikuwa inasimama yenyewe kila lori likipiga honi. Siku ya pili niligundua kuwa kwenye paa la ghala kuna ndege wamejenga, na inaelekea wamekuwepo muda wote. Siku ya tatu nikagundua mikono yangu. Nilidhani ni ndoano tu za kushikia pembe za gunia, kumbe inajua kushona, tena kushona mshono mdogo ulionyooka. Mjomba, ambaye ndiye mkubwa wetu kwa umri na ndiyo maana wote tunamwita hivyo, alichukua gunia langu moja akalivuta kwa nguvu zake zote, akasema gunia litakufa mshono utabaki. Siku ya nne nyapara aliniletea suruali yake ya kazini.

Hebu jiulize, Mheshimiwa. Mnamchukua punda, mnamkalisha kwenye zulia wiki mbili, mnamwonyesha ndege, halafu mnamrudisha kwenye mkokoteni. Si afadhali mngemwacha asijue?

LALAMIKO LA TATU: Vifungo bandia.

Chumbani kwetu yupo mwenzetu anayeitwa Bwana Harusi kwa kuwa huu ni mwaka wa nne anaoa mwezi ujao. Aliponiona nimekaa kivulini siku tano mfululizo alininunia. Siku ya sita akaja kazini na kifungo sikioni. Hakushonwa, amebandika kwa gundi ya viatu. Nyapara akakitazama kile kifungo, akazunguka nyuma, akakuta sikio tupu. Akamrudisha kwenye ubao. Kesho yake Bwana Harusi amekuja na cha mbele na cha nyuma, vinafanana kabisa, jambo lililoniuma. Keshokutwa walikuwa watu wanne. Mmoja alikuwa amebandika bizimu ya mkanda.

Nyapara alitupanga mstari, na mimi nikiwemo. Akapita akivuta kimoja kimoja. Ambaye chake kilibanduka alipanda ubao bila kuambiwa. Alipofika kwangu akavuta kama alivyovuta vya wengine. Nililia, Mheshimiwa. Nililia kilio ambacho sikukilia hata nilipokuwa mdogo, na kilio hicho ndicho kilichokuwa cheti changu. Nyapara akaniomba radhi mbele ya watu, akaniongezea bonge la kamba.

Yule mgonjwa mliyempokea Jumatano akiwa na ngozi ya sikio iliyobanduka kwa gundi ya viatu ndiye Bwana Harusi. Najua alisema ameanguka. Hakuanguka. Ni matokeo ya tiba yenu.

LALAMIKO LA NNE:

Hili nililiandika lote, nikalisoma, nikaona linanihusu mimi zaidi ya hospitali. Nimelifuta. Tuendelee.

LALAMIKO LA TANO: Vifungo vilitolewa.

Siku ya kumi na nne muuguzi alikata uzi kwa mkasi mdogo, vifungo vikaanguka kwenye sinia, ting, ting, na sikio langu likawa limelala bapa kama siku niliyozaliwa. Daktari alipitisha kidole gumba juu yake taratibu, kama mke wangu anavyopitisha chake juu ya pindo la sketi kabla ya kuikunja. Akaniambia kazi imekwisha, limepona, ila nisirudie bega la kulia, la sivyo kisima kitajaa tena. Akasema, "Beba kushoto."

Beba kushoto. Mheshimiwa, neno hilo kwake ni jepesi kuliko pamba. Naomba uchukue karatasi uchore. Kutoka lorini hadi sakafu ya ghala kuna ubao unaotosha watu wawili kupishana kwa kujibana. Wenye mizigo wanapanda, waliotua wanashuka, na kila mtu hushika upande wake wa kulia. Ukibeba bega la kulia gunia linaning'inia nje, kwenye hewa, halimsumbui mtu. Ukibeba la kushoto gunia lako linakaa katikati ya njia ya anayeshuka. Ndiyo maana ghala zima linabeba kulia. Si ukaidi, ni barabara.

Mimi nikamtii Daktari. Nilipanda na gunia kushoto. Katikati ya ubao nikakutana na Mjomba anashuka, amefumba macho kama kawaida yake, maana ubao ule anaujua kwa nyayo. Aliliparamia gunia kwa uso. Gunia likapasuka (si nililolishona mimi, naomba liandikwe hilo). Tulipomwona tena Mjomba alikuwa ameketi chini, mweupe kuanzia utosini hadi kwenye kucha, ameshika sehemu ya mshono mkononi. Alipiga chafya saba. Kisha akasema polepole, "Mwanangu, nimebeba miaka thelathini, leo ndiyo mara ya kwanza nazikwa mzima."

Watu walicheka hadi dereva wa lori akashuka kuuliza. Nyapara hakucheka. Alinipa hadi Jumatatu nichague bega la kulia au lango.

Sasa unaniona nilivyo. Nikibeba kulia, sikio linajaa na nyie mnanipasua upya. Nikibeba kushoto, kazi imekwisha. Nikiwa na vifungo sibebi popote, nakaa kivulini nashona, na kila mtu ana amani, akiwemo Mjomba.

LALAMIKO LA SITA:

Hili ndilo lile la nne. Nimelirudisha kwa sababu nimesoma barua kuanzia juu nikaona bila hili utanidhania mvivu tu.

Kila Jumapili mchana mke wangu hunipigia simu. Jumapili mchana ndio wakati wangu wa kufua. Kwa hiyo kwa miaka sita nimekuwa nikibana simu kati ya bega la kulia na sikio la kulia, mikono ikiwa ndani ya beseni. Yeye anaongea, mimi nafua. Panapokuwa na kimya nasema "ndiyo". Kimya kikirefuka nasema "ehee, sawa mama". Sikuwahi kuona kama ni kosa. Ndoa ya mbali huendeshwa hivyo, niliambiwa na wenzangu, ambao nao walikuwa wanafua.

Mliponishona, Daktari akakataza simu upande ule. Alisema simu ya kubana begani nayo ni gunia dogo. Nikakosa namna. Jumapili ya kwanza niligeuza ndoo nikaikalia, nikashika simu kwa mkono, nikaiweka sikio la kushoto. Sikio hilo halikuwahi kupokea simu ya mke wangu. Lilikuwa kama mgeni aliyefika kwenye nyumba ya watu, linasikiliza kila kitu kwa adabu.

Neno lake la kwanza lilikuwa, "Leo sisikii maji."

Nikamwambia napumzika. Akasema basi ngoja na mimi nikae. Nikasikia kiti kinavutwa. Mheshimiwa, sikujua kwamba yeye naye huwa amesimama.

Aliongea, nikasikiliza. Aliniambia bati za chumba cha mbele zimekwisha kupigwa, hakivuji tena. Aliniambia meza ya pili imefika na ameiweka dirishani, kwenye mwanga, maana kazi ya mkono inataka mwanga. Mimi nikauliza, kwa nia njema kabisa, hiyo meza ya pili ni ya nani.

Nikatazama simu nikidhani imekatika. Halafu akasema, bila kupandisha sauti, "Yako."

Ndipo nikajua. Mwezi wa pili aliniambia amepata kazi ya kushona sare za shule mbili, cherehani inamudu lakini vifungo, vitundu vya vifungo na pindo vinataka mkono mwingine. Nikasema ndiyo. Mwezi wa nne aliniuliza kama sijachoka huko, kama siwezi kurudi moja kwa moja tukakaa wote kazini, yeye upande huu wa meza na mimi upande ule. Nikasema ndiyo. Mwezi wa sita akaniuliza kama mwisho wa mwezi wa tisa utanifaa. Nikasema ehee, sawa mama. Kuna binti alikuja mara mbili kuomba kujifunza kazi, akamrudisha, akamwambia mume wangu anakuja. Dada zangu wameshaambiwa. Mama yangu ameshaambiwa. Binti yetu mdogo, ambaye nilimwacha hajajua kutembea vizuri, amechora mstari ukutani wa urefu wangu kwa maelezo ya mama yake, ili nikifika anipime. Nimetajiwa mstari ulipofika. Wamenizidisha.

Mimi, Mheshimiwa, nimeahidi kurudi nyumbani mara tatu, na mara zote tatu sikuwepo. Nilikuwa nafua soksi.

Na leo tuko katikati ya mwezi wa tisa.

Utauliza kwa nini nisirudi tu. Nitakujibu kama ninavyojua. Mwanaume aliondoka akisema anakwenda kutafuta maisha, na bega lilikuwa ndio mtaji wake wote. Sasa arudi na nini? Na sindano? Watu watasema huyu alikwenda kubeba dunia, amerudi kumshonea mkewe vifungo. Hilo ni moja. La pili ni gumu kuliandika. Nikikaa upande ule wa meza atakuwa mbele yangu kutwa nzima, hakuna beseni, hakuna maji. Miaka sita nimemjibu neno moja. Je, akigundua kuwa sina jingine?

Jumapili ile, baada ya kuniambia "Yako," aliniuliza kama bado ni ndiyo. Nikasema ndiyo. Akauliza, "Ndiyo ipi? Ya leo au zile za zamani?" Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata. Mtandao haukuwa na kosa lolote. Jumapili iliyofuata niliacha simu ilie nikiwa nimeitazama. Kesho ni Jumapili nyingine.

OMBI:

Kwa sababu hizo naomba nishonewe tena vifungo kwenye sikio lilelile, safari hii vya kufanana, na visitolewe mpaka nitakapostaafu. Faida zake ni hizi. Nyapara atanikalisha. Kisima hakitajaa, kwa kuwa kitakuwa kimefunikwa. Pia naomba uniandikie cheti, chenye mhuri, kisemacho kwamba mwenye vifungo sikioni haruhusiwi kusafiri kwa basi, kwa kuwa mtikisiko unaweza kulegeza uzi. Cheti hicho kielekezwe kwa mke wangu. Kiandikwe vizuri, maana yeye alimaliza shule.

Wakati huohuo naomba iruhusiwe niendelee kukaa kwenye ndoo kila Jumapili nikimsikiliza, kwa sababu anaongea vizuri na sikuwa najua. Naona kalamu yako imesimama. Unataka kuniuliza kama nataka kumsikiliza mbona nakimbia anachokisema. Hilo swali, Mheshimiwa, si la kitabibu.

Ikionekana sikio la kulia haliwezi kushonwa kwa kuwa halina ugonjwa tena, niko tayari kutoa la kushoto. Lakini la kushoto ndilo la kusikilizia. Nimelipima sana jambo hili na naona bora pua. Tena ili kuwazuia akina Bwana Harusi, nashauri hospitali itengeneze vifungo vyake maalum, viwe na mhuri wa serikali, viandikwe kwenye daftari, na kila nyapara wa kila ghala apewe nakala ya picha zake. Hospitali ikifanya hivyo, baada ya mwaka hakuna mtu atakayebeba gunia katika mji huu. Unga utakaa lorini. Hapo wakubwa watakuja wenyewe kuuliza ubao wetu una upana gani, na huenda wakauongeza, jambo ambalo tuliliomba kwa barua miaka miwili iliyopita, ila barua ile haikuwa na namba.

Nisalimie Daktari wa Masikio, mwambie mikono yake ni ya baridi lakini ni mizuri. Nisalimie muuguzi wa kibakuli, yule mzee anayeita majina kwenye benchi na kuyakosea yote, mama anayepiga deki korido na kututaka tuinue miguu hata sisi tuliolala, na ile picha ya sikio kubwa ukutani ambayo nilikuwa nikiitazama wakati mnanikata. Wasalimie pia watu wa nyumbani kwako, na kama wakikupigia simu, kaa.

Ni mimi mlalamikaji, mwenye sikio lililopona bila ridhaa yake,

Kisima,
mbeba magunia.

NYONGEZA: Barua hii niliimaliza jana Jumamosi nikaifunga. Leo nimeifungua kuongeza haya.

Simu imelia mchana. Beseni lilikuwa tayari, povu limepanda, nguo ziko pembeni. Sikio la kulia limepona na hakuna wa kulizuia. Nikatazama beseni, nikatazama ndoo. Nikakaa kwenye ndoo.

Nilimweleza yote tangu kisima hadi nyapara. Sikujua kama ninaweza kuongea muda mrefu hivyo, mpaka Bwana Harusi, aliyelala na bandeji yake, akaniambia nipumue. Mke wangu hakulia. Aliuliza maswali ya fundi: uzi gani, matundu mangapi, fundo walilificha wapi. Nilipofika kwenye kile cheupe cha mbele na cheusi cha nyuma alicheka hadi mtoto akaja kuuliza kuna nini, nikasikia anaambiwa baba yako walimgeuza koti.

Kwa hiyo msinishone. Futa lalamiko la pili hadi la sita, na ombi lote pamoja na pua. La kwanza libaki, maana mke wangu ameniunga mkono, anasema kazi ya namna ile yeye angeirudia. Kesho Jumatatu nyapara anataka bega au lango, nami nimekwenda leo kumwambia nimechagua lango, kwa miguu yangu mwenyewe. Shazia amenipa, anasema suruali yake haijafumuka hadi leo. Barua hii nitaiacha kwa mlinzi wenu nikielekea kwenye basi, begi likiwa bega la kushoto, Daktari aambiwe.

Alipomaliza kucheka aliniuliza tena kama narudi. Nikamwambia ndiyo, na nguo zilikuwa bado kavu.